Hoteli Iliyofungwa Alhamisi

Remigi Ndunguru aliingia chooni kabla hajanywa hata chai, na wasichana wawili wa Hoteli ya Mapambazuko wakatazamana. Msafiri anayeshuka stendi ya Songea huomba kwanza supu na chapati. Huyu aliomba ufunguo wa choo, akakaa humo dakika kumi, akagonga kuta kwa ngumi, akamulika shimo kwa tochi, kisha akapiga goti na kuifuta sakafu kwa kiganja. Alipotoka alinawa mikono mara mbili, akaketi meza ya pembeni na kuandika katika daftari lake kwamba choo ni kizima.

Alikuwa amekula miaka ishirini na minne katika upelelezi wa polisi, akastaafu akiwa sajini. Serikali ilipofungua mlango wa bima kwa watu binafsi, kampuni changa ya Mhimili ya Dar es Salaam ikamchukua kuchunguza madai ya wateja. Mshahara ulikuwa mnono kuliko wa polisi. Tatizo lilikuwa moja: watu aliowahoji siku hizi wengi walikuwa wakisema kweli, na hilo lilimchukua muda kulizoea.

Dai lililomleta Songea mwishoni mwa Aprili 1998 lilikuwa la aina ambayo Mhimili haikuwahi kuiona. Mwezi Machi, mvua za El Niño zilipoleta kipindupindu mjini, Bwana Afya alizifunga hoteli zote za chakula za karibu na stendi. Wenye hoteli wengine walikunja mikono wakasubiri. Mama Aurelia Gama, mjane mwenye Mapambazuko, yeye alikuwa amekata bima ya kusimama kwa biashara, akaleta dai la siku thelathini na tatu alizofungiwa.

Meneja wa madai kule Dar alikuwa na yake kichwani. “Yule mama kanunua karatasi kwa Bwana Afya,” alimwambia Remigi. “Isome amri yake. Hakuna kipindupindu humo.” Kweli hakikuwamo. Mahali pa sababu paliandikwa choo kibovu, na bima hailipi choo kibovu, kwa kuwa huo ni uzembe wa mwenye biashara.

Mama Aurelia alikuja akaketi mbele yake. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi, amejifunga kitenge juu ya gauni, na kijitambaa cha kufutia meza hakikumtoka mkononi.

“Umekiona choo,” akasema.

“Nimekiona, Mama. Hakina ubaya.”

“Tulikitengeneza baada ya kufungiwa.”

“Fundi gani?”

Mama Aurelia akaifuta meza iliyokuwa safi. “Alitoka Mbinga.”

“Mimi natoka Mbinga,” Remigi akasema kwa upole. “Fundi wako aliandika tarehe kwa kijiti wakati saruji ingali mbichi, hapo karibu na mlango. Tarehe tatu, mwezi wa sita, tisini na tano. Tangu hapo choo hakijaguswa.”

Mama Aurelia aliacha kufuta meza. Alitazama nje, ambako kijana wa duka la jirani alikuwa akijaribu redio kaseti mpya kwa sauti ya juu.

“Mwenye nyumba anataka kumpa yule na chumba hiki,” akasema. “Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikitoka mimi, wanatoka na hawa watu wangu, tisa, na kila mmoja ana wanaomtegemea. Uliza unachotaka, Bwana Remigi, lakini uliza upesi.”

Remigi aliahidi kuuliza upesi. Alimwonea huruma, na alimwonea huruma zaidi kwa sababu alijua mama huyo anamdanganya.

*

Ofisi ya Bwana Afya ilikuwa chumba kimoja chenye ndoo tatu za klorini mlangoni. Bwana Afya mwenyewe, Urbani Mbawala, alikuwa kijana mrefu sana, mwenye mwanya, aliyelazimika kuinama kila alipopita mlangoni pake. Alimwamkia Remigi shikamoo, akampa kiti kizuri na yeye akachukua kibovu.

“Naomba kitabu cha amri,” Remigi akasema.

Urbani akakitoa. Kilikuwa kitabu cha nakala za kaboni, na nakala za Machi zilikuwa nyingi. Remigi alizifungua moja moja bila haraka. Hoteli kumi na moja zilifungwa Jumamosi tarehe kumi na nne, zote kwa sababu moja: kuzuia kipindupindu. Mapambazuko ilikuwa peke yake ukurasa wa kabla ya hapo. Ilifungwa Alhamisi tarehe kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

“Ofisi hii mnafungua saa ngapi?”

“Saa moja na nusu, mzee.”

“Na mvua ya Machi naikumbuka mpaka Dar. Uliamka alfajiri, ukatembea kwenye tope lile, ukaenda kukagua choo cha Mama Aurelia?”

“Bwana Afya hana saa.”

“Basi tuseme hana. Meneja wangu anadhani ulikula kitu.”

Urbani alikunja uso. “Sijala kitu cha mtu.”

“Nami nadhani hukula. Mtu akinunua uongo, hununua wa kumfaa. Huu haumfai hata kidogo.”

“Haumfai kivipi?”

“Bima yake inalipa ikiwa amefungiwa kwa ajili ya ugonjwa uliotokea ndani ya jengo lake. Si mtaani, si kwa jirani, ndani ya jengo. Ungeandika kipindupindu kimetokea Mapambazuko, angekuwa ameshalipwa. Umeandika choo, kwa hiyo hapati kitu.”

Urbani aliiweka kalamu mezani polepole, kama mtu anayeogopa itavunjika.

“Hilo analijua?” akauliza.

“Bima imeandikwa Kiingereza kurasa sita. Wakala alimwambia ukifungiwa tunalipa, naye akatia sahihi. Nadhani hajui.”

Kijana yule akakifunga kitabu cha amri. Alikuwa na uso wa mtu aliyemfanyia mwenzake hisani, kisha akaambiwa hisani hiyo imemtia hasara.

“Muulize mwenyewe, mzee,” Urbani akasema mwishowe. “Mimi nimeandika nilichoandika.”

*

Remigi hakwenda kumwuliza mwenyewe. Alirudi hotelini wakati wateja wa mchana wamepungua, akapitia mlango wa nyuma mpaka jikoni. Alimkuta Ekaristia, msaidizi wa jikoni, binti wa miaka ishirini mwenye mikono ya kazi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Nisaidie maji ya kunywa, mwanangu.”

Ekaristia akafungua bomba la chujio kubwa la bati lililowekwa juu ya kabati, akajaza bilauri akampa kwa mikono miwili. Kisha akajimiminia yeye chai ya rangi kutoka kwenye birika lililokuwa juu ya moto, akanywa amesimama.

“Wewe hunywi maji?”

“Hayo ya wateja. Yanachemshwa, halafu yanachujwa, na mkaa ni ghali. Sisi tuna chai. Birika halitoki motoni kuanzia asubuhi.”

“Na maji ya birika mnachota wapi?”

Ekaristia akaonyesha pipa kwenye kona. “Pale. Siku hizi bomba linatoa. Wakati wa mvua lilikatika, tukawa tunanunua ya mkokoteni, ya bondeni. Yalikuwa na rangi.”

Remigi akaandika. Akakumbuka jambo lililomkaa kichwani tangu asubuhi.

“Mama amesema mko tisa. Nimewahesabu mara mbili napata wanane.”

“Wa tisa ni Amedeus, mpishi mkuu. Yuko likizo. Kwao Maposeni.”

“Tangu lini?”

“Mwezi wa tatu.”

“Likizo ya wiki sita. Mwajiri mzuri huyo.”

Ekaristia akachukua kikombe kisafi akaanza kukiosha. Hakuwa mwongo wa kuzaliwa, maskini. Masikio yalimwaka moto.

“Alikuwa analala hapahapa?”

“Chumba cha stoo.”

Stoo haikuwa imefungwa. Kulikuwa na magunia mawili ya mchele, debe la mafuta ya kula na kitanda cha mbao kisicho na godoro. Remigi alisimama mlangoni akatazama chini. Kuta za hoteli nzima zilikuwa za rangi ya kijani iliyochoka. Humu ndani, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti, kila kitu kilikuwa cheupe kwa chokaa, hata miguu ya kitanda. Alikuwa amewahi kuona watu wakipaka kuta chokaa ili zipendeze. Sakafu haipakwi chokaa ili ipendeze.

“Mwanangu,” akamwambia Ekaristia bila kugeuka, “nitakwenda Maposeni kesho. Sitamwambia mtu kwamba ni wewe uliyenielekeza.”

Binti akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hakujaribu kuyaficha.

*

Pikapu iliyokuwa ikipeleka mbolea Peramiho ilimshusha Maposeni saa nne asubuhi. Mahindi yalikuwa marefu kupita vichwa vya watu, na njia ya kwenda kwa Mzee Hironimus, baba yake Amedeus, ilipita katikati yake. Remigi aliliona kaburi kabla ya nyumba. Lilikuwa nyuma ya jiko, udongo wake bado mwekundu, na msalaba wa mbao ulioandikwa kwa rangi nyeusi kwamba Amedeus alifariki tarehe 12 Machi 1998. Ilikuwa Alhamisi.

Mzee alikuwa akichonga mpini wa jembe. Alipokea shikamoo, akamtolea mgeni kiti, akamsikiliza akijieleza kwamba ametoka kampuni ya bima.

“Mwanangu hakuwa na bima,” Mzee Hironimus akasema.

“Najua, mzee. Nauliza habari za hoteli tu. Aliugua nini?”

“Malaria. Ilimpanda kichwani. Mama Aurelia alimleta mwenyewe kwa gari la kukodi, mvua inanyesha. Alikuja na kijana wake mmoja mrefu, ana mwanya hapa mbele. Kijana yule ndiye aliyemwosha marehemu. Maji yake yalinuka dawa mpaka macho yakatuwasha. Akatukataza kugusa. Akasema ndiyo desturi ya kwao, mtu wa kazini anaoshwa na wa kazini.” Mzee akapuliza vumbi la mti kutoka kwenye mpini. “Sikuipenda desturi hiyo. Lakini mtu aliyekuletea mwanao humgombezi.”

“Baada ya msiba, kuna aliyeugua hapa?”

“Hakuna hata mmoja. Padre alikuja, misa ilisomwa, watu walijaa. Mjini siku zile wafu wa kipindupindu walikuwa wanazikwa na watu wa klorini, mama mzazi anasimamishwa mbali. Mwanangu alizikwa na watu wake. Kila nikisali namwombea Mama yule.”

Remigi hakuandika hayo. Aliuliza swali lililobaki, ambalo lilikuwa limemnyima usingizi katika nyumba ya wageni alikolala. Kama ugonjwa uliingia Mapambazuko kwa maji, kwa nini ulimchagua mmoja? Wateja walikunywa ya kuchemsha. Wafanyakazi wote walichota pipa moja.

“Amedeus alikuwa mtu wa namna gani, mzee? Kwa kula na kunywa.”

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu mgeni aketi.

“Wa kushika dini kupita kiasi. Kila Kwaresma lazima aache kitu anachokipenda. Mwaka juzi aliacha pombe. Mwaka jana nyama, na yeye mpishi. Mwaka huu alikuja hapa Jumatano ya Majivu akaniambia, baba, nimeacha chai. Nikamcheka. Mtu anashinda jikoni tangu alfajiri, ataishije bila chai? Akasema, maji yapo.”

Remigi akafunga daftari. Alikuwa ameshasikia watu wengi wakikiri, na hakuna aliyewahi kumweleza kisa chote bila kujua kama mzee huyu. Akashukuru kwa kiti, akaaga, na alipopita kaburini akavua kofia.

*

Jioni hiyo Urbani alimfuata nyumba ya wageni, akamkabidhi barua aliyoiandika kwa mkono wake. Ilisema amri ya Mapambazuko ilikosewa sababu, na kwamba aliyefariki humo alikuwa na kipindupindu. Wakubwa wake watamkaripia, akasema, labda na zaidi ya kumkaripia, lakini hatakubali Mama apokonywe hoteli kwa sababu ya kalamu yake.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, wateja wa supu walipoondoka, Remigi alikuwa na kila kitu mezani isipokuwa sahihi moja. Mama Aurelia aliketi palepale alipoketi mara ya kwanza.

“Nimetoka Maposeni, na Urbani amenisimulia,” Remigi akaanza.

“Nimesikia.”

“Amedeus alishikwa Jumatano usiku, humo stoo. Ulimwita Urbani, akaja na chumvi na maji, hakuwahi. Alfajiri akafa. Ulimwomba Urbani asiandike ugonjwa, ili kijana azikwe kwao. Naye akakubali kwa sharti kwamba atamwosha yeye mwenyewe kwa klorini.”

“Alikuwa hapa miaka minane,” Mama Aurelia akasema. “Ningemtupia wapi? Na ule ugonjwa watu wanauita wa uchafu. Amedeus alikuwa anakwangua masufuria mpaka unajiona humo. Nilisema hatazikwa kama mchafu. Na hoteli pia. Sikudanganyi, niliifikiria na hoteli.”

Remigi akamsogezea karatasi. Alikuwa amekitafsiri kile kifungu cha bima kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na akamsomea. Mama Aurelia akaomba asomewe tena. Kisha akakisoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno.

“Kwa hiyo wananilipa kwa sababu alifia humu.”

“Ndiyo, Mama.”

“Angefia barabarani?”

“Wasingelipa.”

“Na mimi nimehangaika mwezi mzima kuficha kwamba alifia humu.”

“Ndiyo.”

Hakulia. Alikikunja kile kitambaa chake mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama kiberiti.

“Fomu ina mstari mmoja zaidi,” Remigi akasema. “Wanataka maelezo ugonjwa uliingiaje. Naweza kuandika kwamba bomba la mji lilikatika, mkanunua maji ya bondeni. Ni kweli, na inatosha. Hakuna atakayeuliza zaidi.”

“Wewe umeuliza zaidi.”

“Mimi nimelipwa kuuliza. Najua aliacha chai.”

Mama Aurelia akainua macho. Kwa mara ya kwanza alimtazama moja kwa moja, na Remigi, ambaye alikuwa ametazamwa na wauaji bila kupepesa, akatamani angekuwa ametumwa mtu mwingine.

“Basi hujui yote,” akasema. “Jumatatu ya wiki ile alinifuata hapa, nilikuwa nakata vitunguu. Akasema, Mama, chai nimeiacha kwa ajili ya Kwaresma, naomba niwe nakunywa kwenye chujio. Mimi ndiye niliyeweka sheria ya chujio. Mkaa ulikuwa umelowa, unauzwa bei ya ajabu. Nikamwambia, Kwaresma yako usinitwishe mimi.” Akakikunjua kile kitambaa. “Nilikuwa natania, Bwana Remigi. Alijua natania, akacheka. Akachukua kikombe akaenda kuchota pipani.”

Nje, kijana wa redio alikuwa amezima muziki wake. Remigi alikuwa na jambo la kusema, kwamba asijilaumu, kwamba mji mzima ulikunywa maji yale. Aliliacha, kwa kuwa yule mama asingelisikia.

“Bima haihitaji hilo,” akasema badala yake. “Nakwambia kwa haki. Mstari wa bomba unatosha.”

“Andika wa bomba, na huo uandike chini yake. Kama nilivyosema, bila kupunguza.” Akavuta fomu karibu akatazama jinsi kalamu inavyokwenda. Alipomaliza kusomewa, akatia sahihi, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa jina. “Sasa niandikie karatasi nyingine kama hii hii. Isiwe ya kampuni.”

“Ya nani?”

“Ya baba yake. Anaweza kusoma. Nikiwa mbele yake mdomo utanikatalia.”

Remigi akaandika ya pili, naye akatia sahihi tena. Kisha Remigi akamweleza yaliyobaki: kwamba atampigia meneja simu leo leo, kwamba atamwandikia mwenye nyumba barua ya kampuni ili angoje, na kwamba malipo yenyewe yatachukua kama wiki tatu.

“Hayo yatakuja,” Mama Aurelia akasema, akiikunja karatasi ya pili na kuifunga kwenye pindo la kitenge. “Maposeni nakwenda sasa hivi.”